Ulimi wa Wifi

Kipande cha kwanza kilipasuka mdomoni kikamwaga maji mengi, na maji yale yalikuwa baridi, basi. Mama Chenza alifumba macho, akatafuna polepole, akayazungusha yale maji mdomoni kama mtu anayesukutua. Hakupata kitu. Si utamu, si uchachu. Sifongo iliyolowa ingempa habari zilezile.

Alikuwa amesimama chini ya mti alioungoja miaka saba, chenza lake la kwanza kuiva likiwa limemenywa nusu kiganjani, na hakujua kama ni zuri au baya.

"Vipi?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni, alikokuwa amepindua baiskeli ya mteja miguu juu, mikono imejaa grisi. "Limeiva?"

"Limeiva," akajibu. Na hilo halikuwa uongo.

Mwaka uliotangulia homa kali ilikuwa imemlaza kitandani hadi majirani wakaanza kumsema kwa sauti za chini. Alipoinuka, nguvu zilirudi, hamu ya kazi ikarudi, lakini harufu na ladha vilikwenda na homa. Daktari alimmulika puani na kooni, akamwambia huenda vikarudi, huenda visirudi, awe na subira. Mama Chenza akawa na subira, na akawa na siri. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Jikoni alitia chumvi kwa kukisia na kumshukuru Mungu kwamba mkono wake ulikuwa na kumbukumbu nzuri. Angesemaje? Mtu mzima anayejulikana mtaa mzima kwa matunda atangaze kwamba hatofautishi chenza na kiazi? Ni sawa na kinyozi kuwaambia wateja kwamba siku hizi mkono unamtetemeka.

Kazi yenyewe alijifunza kwenye shamba la watu alikoajiriwa ujanani, akaja kuiendeleza uani kwake. Alikuwa na michenza ya aina mbili. Mmoja ulizaa matunda madogo, matamu kupita kiasi, yaliyojaa mbegu. Wa pili ulizaa makubwa ya kupendeza, yenye mbegu chache, lakini makali. Ua la ule wa kwanza likiwa bado halijafunguka, alilifungua mwenyewe kwa ncha ya sindano, akang'oa vile vijiti vyenye unga wa njano, akaupaka moyo wa ua unga wa mti wa pili kwa brashi ndogo, kisha akalivika mfuko wa karatasi ili nyuki wasije wakamharibia ndoa. Tunda likaja, mbegu akazipanda, miche ikaota. Miche iliyofanana na mama yao akaing'oa, maana haikuwa na damu ya baba. Iliyobaki ilikuwa na miiba mirefu na kiburi, ikakua miaka bila kutoa hata ua. Mmoja mmoja ikamkatisha tamaa, hadi ukabaki huu mmoja, karibu na karo la kufulia, ambao sasa ulikuwa umebeba matunda ya rangi ya machungwa iliyokolea, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta.

Alijua kila kitu kuhusu matunda yale isipokuwa kile kimoja. Yalikuwa mazito. Yalimenyeka bila kusumbua. Maji yalijaa. Lakini hata mti wake wa zamani, ule wa kabla ya huu, ulikuwa na matunda mazuri machoni.

Na hapo ndipo kidonda kilipokuwa.

Mti ule wa zamani nao aliuzalisha mwenyewe. Ulipozaa mara ya kwanza, ulimi wake ulikuwa mzima, lakini mapenzi yaliuziba. Aliona utamu wa mwanzo, akakataa kuuona uchungu uliofuata nyuma. Alialika watu uani, akawagawia. Wote wakasifu. Shemeji yake akasema hajawahi kuonja kitu kama hicho, jambo ambalo huenda lilikuwa kweli. Wa mwisho kuonja alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, fundi cherehani ambaye mtaani walimwita Wembe, na si kwa sababu ya mkasi wake. Wembe alitafuna, akasimama, akatema kwenye leso, akasema mbele ya kadamnasi, "Wifi, hili si chenza. Hii ni adhabu."

Hawakusemezana tena. Wakikutana kwenye misiba walisalimiana kwa kichwa.

Mama Chenza aliendelea kuchukua macho, yale machipukizi madogo ya mti ule, kuyabebesha kwenye miche ya limau ili yakue humo, na kuwapa majirani. Walipokea kwa shukrani nyingi. Halafu, msimu baada ya msimu, akipita barabarani, akawa anaona penye mche wake pamepandwa kitu kingine. Huyu aliweka tangi la maji. Yule alijenga banda la kuku. Hakuna aliyemwambia neno. Waling'oa kimyakimya, wakaendelea kumsifu, na mwishowe naye akaukata mti wake.

Sasa mwenye kitalu alikuwa anakuja Jumamosi. Alikuwa mtu wa biashara, mwenye miche maelfu, na alikwisha kusema kwa upole kwamba angekuja mara hii moja. Tunda likimpendeza, angechukua vijiti vya macho, na chenza lile lingekwenda kwenye mashamba ambayo Mama Chenza asingeyaona maishani. Lisipompendeza, basi. Na yeye mwenyewe alijijua: magoti yalikuwa yameanza kulalamika, na miaka mingine saba ya kungoja hakuwa nayo ya kutupa. Lakini kilichomtisha zaidi ni kwamba mwenye kitalu naye alikuwa mpole. Je, akivichukua kwa adabu tu?

Alimpa mumewe kipande. Mumewe alipangusa mkono kwenye suruali, akakila, akasema, "Tamu, mke wangu." Alilisema jinsi alivyolisema kila siku, kuhusu kila kitu. Aliwahi kuisifu chai ambayo Mama Chenza alisahau kuitia sukari. Mama Chenza akampelekea jirani mmoja, akamkazia macho usoni wakati anatafuna. Jirani alitabasamu kabla hata ya kumeza. Huyo ndiye mwenye banda la kuku.

Alirudi nyumbani akakaa kwenye ukingo wa karo. Mtaa mzima ulikuwa umejaa watu wema, na hakuna hata mmoja aliyemfaa.

Alasiri ya siku hiyo alichuma machenza matatu, akayafunga kwenye kitambaa, akaenda kwa wifi yake.

Chumba cha mbele cha nyumba ya Wembe kilikuwa ndicho kiwanda chake. Sare za shule zilining'inia ukutani, vipande vya nguo vilitapakaa sakafuni, na cherehani ilikuwa inakimbia. Wembe alimwona, lakini mguu wake haukuacha kukanyaga mpaka alipofika mwisho wa mshono.

"Karibu, wifi," akasema. "Au umepotea njia?"

"Sijapotea." Mama Chenza aliyaweka machenza juu ya meza ya kukatia. Wembe akayasogeza kwanza, akaondoa kitambaa cheupe cha mteja kilichokuwa chini yake, kisha akayaweka tena.

"Nataka uonje."

"Mimi? Baada ya yale?"

"Kwa sababu ya yale."

Wembe alibana sindano midomoni, akamtazama. Mama Chenza alikuwa amepanga maneno njiani, lakini yalimtoka yale ambayo hakuyapanga. Alisema hana ladha. Alisema tangu ile homa kila kinachoingia mdomoni ni moto au baridi, kwamba hajui alichokizaa, na kwamba hakuna anayejua, hata mumewe.

Wembe alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kifundo cha kitambaa.

"Kumbe ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana nini?"

"Mdogo wangu huja hapa jioni na kunywa maji kama ngamia. Nikimwuliza ana nini, anasema jua kali. Unamlisha chumvi, wifi. Na yeye anakula, ananyamaza."

Mama Chenza alifunika mdomo kwa mkono. Alimwona mumewe mezani, jioni baada ya jioni, akisema tamu, mke wangu, na kunyoosha mkono kuchukua bilauri. Kicheko kilimpanda bila ruhusa, na nyuma yake machozi, na kwa kitambo hakujua kipi kianze. Wembe aliangalia dirishani mpaka vyote viwili vilipotulia. Kisha akanyanyuka, akanawa mikono, akasukutua mdomo, kwa kuwa alikuwa ametoka kunywa chai, akavuta kiti.

Alimenya chenza la kwanza kwa mpango, kama anayefumua mshono asiotaka kuuharibu. Aliweka kipande kimoja mdomoni. Akatafuna akitazama sare zilizoning'inia. Akala cha pili. Mama Chenza alikuwa anaangalia koo lake likipanda na kushuka.

"Sema tu, wifi. Nimekuja kwa hilo."

"Ninyamazie. Nakula."

Akala cha tatu. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakapiga kelele, yakapotea.

"Linaanza na uchachu," Wembe akasema hatimaye. "Kidogo, wa kumwamsha mtu tu. Halafu utamu unakuja chini yake, taratibu. Unajua koti lenye bitana? Unaingiza mkono, unagusa kitambaa kigumu, kisha mkono unateleza wenyewe ndani. Ndivyo lilivyo."

"Na mwisho? Ule uchungu?"

"Naungojea."

Walingoja wote wawili. Wembe alipitisha ulimi kwenye meno, akameza mate, akavuta pumzi puani.

"Haupo," akasema. "Umebaki utamu, na harufu ya ua lake. Ganda ni jembamba sana kitakoni, litachanika masandukuni. Na lina mbegu mbili. Mengine sina la kusema." Akachukua kipande kingine. "Na haya mawili yaliyobaki usirudi nayo."

Mama Chenza aliona mabega yake yakishuka. Hakujua kwamba yalikuwa juu, wala tangu lini. Aliketi juu ya rundo la nguo zisizoshonwa, na Wembe, ambaye hakumruhusu mtu yeyote kukalia nguo za wateja, akamwacha. Baadaye, wakati maganda yamelundikana mezani, Wembe alisema siku ile ya zamani angeweza kumwita pembeni, hakuwa na haja ya kumwaibisha mbele ya watu. Mama Chenza akasema labda, lakini pembeni asingesikia. Wakaliacha hapo.

Jioni alimwambia mumewe habari ya homa na ladha. Mumewe alichora-chora kwa kidole juu ya meza, kisha akakiri kwamba alidhani ni daktari aliyeagiza chumvi.

Jumamosi mwenye kitalu alikuja na gari lake dogo la mizigo. Alipofika uani, Wembe alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha mume wa Mama Chenza, mkoba wa kazi mapajani, bila kualikwa na mtu. Mgeni alichuma mwenyewe, akamenya, akala amesimama. Kabla hajafungua kinywa, Mama Chenza alimweleza kwamba ganda ni jembamba kitakoni na kwamba mbegu hazikosi mbili. Mwenye kitalu akacheka kidogo. Alisema amezoea wazalishaji wanaoficha. Akamwuliza, yeye mwenyewe, ladha yake angeielezaje.

"Linaanza na uchachu wa kumwamsha mtu," Mama Chenza akasema. "Halafu ni kama koti lenye bitana."

Wembe alikuwa anaangalia juu, kwenye majani.

Mwenye kitalu alikula chenza la pili, na la tatu akalitia mfukoni kwa ajili ya mkewe. Hakutoa sifa nyingi. Alisema atabebesha safu chache na kuona zitakavyokwenda, ganda huenda likapata unene macho yakibebeshwa kwenye shina la aina nyingine. Akaomba vijiti, wakavikata, wakaviviringisha kwenye gunia lililoloweshwa. Gari lilipoondoka, Mama Chenza alijikuta amekaa chini udongoni, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, na mumewe akimwuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Nimechoka kuogopa. Niache nipumzike."

Hakupumzika sana. Vijiti kadhaa vilibaki, na miche ya limau ilikuwa inangoja kivulini, mashina yamefikia unene wa penseli. Akavuta kigoda. Wembe akatoa mkasi kwenye mkoba, na kipande cha nailoni ya bluu kilichobaki kwenye koti la mvua la mteja, akaanza kukichana tepe nyembamba zilizolingana.

Mama Chenza alikata gome, akalifumbua kwa ncha ya kisu, akachopeka jicho ndani, akanyoosha mkono bila kugeuka. Utepe ukawekwa kiganjani. Akafunga, akauacha ule wa kwanza, akavuta mche wa pili. Mumewe alitoka na bilauri tatu za maji, akaziweka juu ya karo, akarudi kwenye baiskeli yake. Jua lilikuwa linapita kwenye matawi na kuangukia ile safu fupi, ambapo ncha za utepe wa bluu zilicheza na upepo, na chini ya kila fundo jicho moja la kijani lilikuwa limebanwa gizani, likisikilizia kama mche ule wa limau utalikubali.