Alhamisi ya Leonard Pym

Tulimzika Leonard Pym Alhamisi asubuhi, na jioni ile ile mama yake akaja studio kumtazama akiigiza.

Alikuja na kofia yake ya msibani na mkoba kaukumbatia, akamwambia bawabu, "Mimi mama yake Leonard. Nimekuja kuona mchezo wake." Bawabu akanitafuta mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi ndiye niliyeigiza mke wa Leonard, na wanaume wa pale, mkubwa kwa mdogo, msiba ukibisha hodi humsukuma mwanamke mbele. Nilisonya, nikaenda.

Kila wiki tulikuwa na mchezo mpya wa televisheni wa mambo yajayo: leo roketi, wiki ijayo mashine zenye akili kuliko waliozitengeneza. Jumapili tuliigiza moja kwa moja hewani, kisha Alhamisi tukaigiza upya kwa ajili ya waliokosa. Upya, nasema, kwa miguu yetu na koo zetu. Hakuna aliyerekodi wala kutunza kitu. Ukiboronga, umeboronga mbele ya taifa zima. Ukifanya maajabu, ndiyo yamekwenda.

Na Jumapili Leonard alifanya maajabu. Alikuwa rubani aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya mbali, hewa inamwishia, anamuaga mkewe kwa redio. Nililia machozi ya kweli, mimi nisiyelia hovyo. Jumatatu moyo wake, uliokuwa ukimsumbua tangu vita, ukasimama akiwa anachemsha chai.

Nikamkalisha Mama Pym kwenye chumba cha wageni, mbele ya televisheni.

"Pole sana, mama. Lakini nani kakwambia Leonard ataonekana leo?"

"Yeye mwenyewe. Alinibembeleza nimtazame Jumapili kwa jirani. Nikamwambia, mwanangu, Jumapili ni ya Mungu, sisi hata gazeti hatufungui. Akacheka, akasema, 'Basi nitazame Alhamisi, mama, ni mchezo ule ule.'" Akafungua vifungo vya koti. "Miaka yote nilimnunia kwa kazi hii. Sijapata kumwona hata mara moja. Nikasema leo nimwone, halafu nirudi zangu nyumbani Rochdale."

Jamani! Lakini ningemficha vipi, na dakika chache baadaye angejionea mwenyewe?

"Mama, hakuna picha yake iliyowekwa. Leo anaigiza mwingine, Desmond Tully. Ndiye aliyevaa nguo zake."

"Si kwenye redio wana sahani zao za santuri za kutunzia sauti?"

"Wanazo. Sisi hatuna."

"Kwa hiyo mmemwacha kapotea hivi hivi?"

"Hivi hivi, mama. Sote tunapotea hivyo."

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

"Mbona hakuniambia?" Akajipiga ngumi gotini. "Angeniambia ningeacha ibada moja. Moja tu! Mungu angepungukiwa nini?"

Leonard aliamini atakuwepo Alhamisi, kama sisi sote tunavyoamini. Mwongozaji wetu, Bwana Frayne, akachungulia mlangoni.

"Muriel, tunaingia hewani! Na huyu bibi ni nani? Chumba hiki ni cha wageni rasmi."

"Ni mama yake Leonard. Mtoe uone nitakachokufanya."

Akaufunga mlango polepole. Nikamwambia Mama Pym nimwitie teksi aende akapumzike, akakataa kata kata. "Nimeshakuja. Nitatazama."

Tukaigiza. Desmond, maskini, alitetemeka ndani ya kofia ya kioo, lakini maneno hakuyasahau. Hakutia aibu wala hakufanya maajabu. Nilipomuaga kwenye redio sikulia. Nilikuwa nikimfikiria yule mama nyuma ya ukuta, anamtazama mtoto wa mwenzake akikata roho ndani ya nguo za mwanawe. Nilitamani kuzima mitambo yote.

Tulipomaliza nikatoka mbio, bado nimevaa aproni ya mchezo. Simu ya chumba cha wageni ilikuwa imelia, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, Mama Pym alikuwa ameipokea.

"Hapana, mimi si mfanyakazi wa hapa," alikuwa akisema. "Nani? Mama yake Desmond? Ndiyo, mama. Nimemwona."

Sauti ya yule mwanamke ilisikika hadi niliposimama, inacheka na kulia kwa pamoja kwa furaha. Nikanyoosha mkono niichukue simu. Mama Pym akanigeuzia bega.

"Kaigiza vizuri sana. Nimemtazama mwanzo hadi mwisho. Ndiyo, pale alipoanza kuishiwa pumzi, hata mimi nimeona. Hongera, mama. Hongera kwa mwanao."

Akasikiliza. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Wangu?" akasema. "Wangu aliigiza Jumapili. Wanasema alikuwa hodari."