Bahati Nasibu ya Nyama kwa Ajili ya Marlys

Marlys Skogstad alifutwa kwenye msaada wa dawa kwa sababu alikutwa na pesa. Msaada huo wa jimbo ndio uliolipia dripu yake ya MS, ugonjwa unaotafuna neva, na ulimtaka asiwe na akiba inayozidi dola elfu tatu.

Pesa alizitia kaka yake, Verlyn. Ili kumchangia, alichezesha bahati nasibu ya nyama kwenye baa ya mjini, ambayo mshindi hupewa nyama. Watu wakanunua tiketi za dola moja moja, waliopata bekoni wakairudisha ichezwe tena. Zikapatikana dola 5,860. Jumatatu akaziingiza zote kwenye akaunti ya dada yake bila kumwuliza mtu.

Siku ya dripu ilipofika, mwezi Novemba, alimpeleka kliniki. Dada wa mapokezi akaitazama kompyuta.

"Mama, bima yako ya jimbo haisomi. Inasema una akiba."

Marlys akacheka. "Mimi? Wiki hii nakula mkate wa juzi."

Verlyn akakohoa. "Zile za nyama."

"Uliziweka wapi?"

"Kwako. Ulitaka niziweke kwenye friza?"

Marlys akamgeukia yule dada. "Basi nilipe mwenyewe. Dripu ni kiasi gani?"

"Elfu thelathini na nane."

"Verlyn, itabidi tuchinje nguruwe wa kaunti nzima."

Hakuna aliyecheka. Garini Marlys alimwambia kaka yake, "Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Wakazitumia pesa upesi ili zishuke, wakaomba msaada upya. Jibu lilichelewa hadi Februari. Krismasi ilipopita tu, Marlys aliamka mguu wa kulia haumsikii. Verlyn akambeba hadi garini. Hakulia, hakutukana mtu. Kesho yake Verlyn alikwenda kazini kama kawaida, akala chakula chake, hakujua kilikuwa na ladha gani.

Dripu ilipopatikana, daktari alisema dawa huzuia yajayo, hairudishi yaliyokwenda.

Hesabu ya zile pesa za nyama ni hii. Dola 4,100, mtambo mpya wa kupasha nyumba joto. Dola 700, tairi za gari ambalo Marlys haendeshi tena. Dola 1,060, mbao na fundi wa njia ya kiti cha magurudumu mlangoni. Na mguu mmoja.