Dada Atakuja Jumamosi

Kama kulikuwa na mjinga chumbani siku ile, alikuwa yeye, fundi friji, tena mjinga aliyenyoa ndevu na kupiga shati pasi. Hakusukumwa na mtu. Aliponzwa na mdomo wake mwenyewe, ule ambao mama yake alizoea kusema kwamba ungekuwa na miguu ungeshafika mbali kuliko mwenyewe.

Alikuwa ameandika hadithi ya vijana. Habari hiyo ilipofika karakanani, wenzake walishika mbavu, naye akacheka kabla yao, maana dunia ilikwisha mfunza mapema kwamba anayejicheka mwenyewe huwanyima wengine kazi. Mvi zilikuwa zimeshapiga hodi kichwani. Mhariri alipompigia simu kumwambia kuwa mswada umepita mchujo wa kwanza, akamwita mwandishi chipukizi, fundi alimjibu kwamba chipukizi mwenyewe ameanza kunyauka, kwa hiyo wamwahi.

Mhariri huyo, mwanamke mpole aliyezoea kuchomeka kalamu kwenye nywele kisha kuitafuta meza nzima, alikuwa na sharti moja tu: hadithi iwe ya vijana wa leo. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Hadithi ya fundi ilikuwa ya dada yake, kitinda mimba wao, msichana aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka kumi na mitano, wakati fundi bado anashikishwa spana. Nyumbani walimwita Kitinda hadi anaingia kaburini. Katika hadithi, fundi alikuwa amemrudisha. Alimtoa hospitalini kwa miguu yake, akampeleka kuimba kwenye mashindano ya shule, ukumbi mzima ukasimama. Alipopewa lile sharti la vijana wa leo, akamtia simu ya kisasa mfukoni na kudhani kazi imekwisha.

Pale kwa wachapishaji walikuwa na utaratibu wao. Kila mswada wa vijana ulisomwa kwa sauti Jumamosi asubuhi, mbele ya wanafunzi waliopenda vitabu, bila kuwatajia mwandishi. Msikilizaji akichoshwa, hapigi kelele wala haondoki. Hugeuza tu kiti chake kutazama dirisha. Mwandishi aliruhusiwa kukaa nyuma kama mgeni mwingine yeyote, mradi afunge mdomo. Kumwambia fundi afunge mdomo ni kama kumwambia maji yapande mlima, lakini alikubali.

Mhariri akaanza kusoma. Kiti cha kwanza kiligeuka Kitinda aliposema kitu fulani ni bomba. Cha pili kiligeuka pale alipochekeshwa na rafiki yake na kusema mbavu zake zimekwenda likizo. Kisha likaja lile la kanda. Msichana mwenye simu ya kisasa mfukoni alikuwa amepiga magoti mbele ya redio, anarekodi wimbo kwenye kanda, halafu anaizungusha kanda kwa kalamu ili kuirudisha nyuma. Chumba kizima kikaangua kicheko. Mmoja akauliza kanda ni nini. Mwingine akataka kujua kama huyu ni mwanafunzi au ni mama mkwe wa mtu. Aliyewamaliza kabisa ni msichana wa mstari wa mbele, mwenye miwani mikubwa iliyoteremka puani, ambaye fundi alikwisha mpachika jina la Miwani. Alisema, bila ubaya wowote, kwamba huyu dada anaongea kama mama yake yeye anapojifanya kijana.

Basi mdomo ukaota miguu.

"Wasichana wanaongea hivyo," fundi alisema kutoka nyuma.

Viti vyote vikamgeukia. Mhariri akatikisa kichwa taratibu, lakini gari lilikwisha kosa breki.

"Wasichana gani, mjomba?" Miwani aliuliza.

"Dada yangu."

"Basi mlete tumsikie."

Angeweza kusema ukweli. Ulikuwa pale pale, mfupi, maneno mawili. Lakini wale watoto walikuwa wakimtazama kwa hamu ya kweli, kana kwamba kweli kuna dada mahali fulani anayefunga kamba za viatu tayari kuja. Kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kumwomba fundi amlete Kitinda. Utamu wa kuombwa ukampanda kichwani.

"Atakuja Jumamosi," akasema.

Nyumbani alimkuta mama yake anakunja nguo kitandani, akamsimulia mkasa kama kichekesho, akiigiza sauti ya Miwani na jinsi viti vilivyogeuka kimoja kimoja. Mama hakucheka. Alikunja shuka hadi ikawa ndogo kama kitabu, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akauliza jambo moja tu: hao watoto wameambiwa atakuja saa ngapi.

Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda. Mama yake ndiye mtu pekee asiyehitaji kuelezwa kwa nini maneno yale ya Kitinda hayafai kuguswa. Kitinda alipokuwa hai alirekodi nyimbo za redioni, na kila wimbo ulipofika patamu, kaka mtu alisimama nyuma yake akalia kama mbuzi. Kwenye kanda moja ilisikika sauti ya Kitinda ikimkemea: nyamaza wewe, unaniharibia. Walipotoka kumzika, hiyo ndiyo sauti iliyobaki. Mama na mwana waliisikiliza jioni baada ya jioni, hadi siku redio ilipoitafuna kanda. Fundi aliitoa kwa koleo ndogo, akainyoosha mezani, akaunganisha palipokatika. Yeye aliyewahi kufufua mafriji yaliyokwisha tupwa jaani, hakuweza kufufua ile. Ilipowashwa tena ilitoa sauti ya mafuta yanayochemka kikaangoni. Hapo ndipo alipoanza kuandika kila neno la Kitinda alilolikumbuka, mbio mbio, kama mtu anayetoa vyombo kwenye nyumba inayoungua. Hadithi ilikuja baadaye. Mwanzoni alitaka tu pawepo na mahali ambapo yule mtoto bado anaongea.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, ingawa yote aliyajua. Akasema Jumamosi atakwenda yeye.

Wakaenda. Mama alivaa viatu vya kutokea, akaingia na mkoba kifuani. Watoto wakasimama kumwamkia. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimegeukia dirishani, na kabla mtu hajakigeuza, mama alikwisha kaa. Miwani alikuwa bado anachungulia mlangoni.

"Hayuko nyuma yangu, mjukuu," mama alisema. "Alishatangulia zamani. Angekuwepo, angekuwa umri wa mama yako."

Miwani akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati, na akaendelea kuifuta hata ilipokwisha takata. Fundi alijaribu kuokoa jahazi kwa mzaha, kwamba dada amechelewa kidogo tu, lakini hakuna aliyecheka.

Mhariri alisema pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akasema kitabu bado kinaweza kupona. Msichana ana uhai, ana ucheshi, wasomaji watampenda. Kinachomwangusha ni lugha. Akiondolewa yale maneno, na kanda iondoke, na wanafunzi hawa wamwazime maneno yao, atasimama. Miwani akaitikia haraka kwamba watamfundisha wao, kidogo kidogo, hatachekwa tena. Alisema kwa huruma kiasi kwamba fundi alishindwa kumtazama.

Akamgeukia mhariri badala yake. Alisema wakibadilisha hata neno moja, atakayetembea humo ndani ni mtoto wa watu wengine. Mhariri akamuuliza atawezaje kuishi leo na kuongea ya jana. Fundi akasema hayo ni yao, waandishi wakongwe. Yeye chipukizi anachojua ni kwamba Kitinda ataishi, na ataongea yake. Mhariri akasema basi viti vitageuka. Fundi akasema vigeuke, hata vikitaka vitoke nje. Sauti yake ilikuwa imepanda, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho wale watoto hawakukijua ila walikisikia, maana waliinamisha vichwa wote.

"Mhariri, tafadhali," akasema, na sasa hakuwa akibishana, alikuwa akiomba. "Nikimwacha afe kitabuni kama alivyokufa, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Nikibadilisha maneno yake, sitakuwa naye kabisa. Niambie wewe, nifanyeje?"

Jibu lilitoka kwenye kile kiti kilichogeukia dirishani, wala mwenyewe hakugeuka.

"Mwache afe, mwanangu. Aliyekufa haulizwi kwa nini maneno yake ni ya zamani."