Zamu ya Jumatano

Vigae vilifika Moshi kwa treni kutoka Tanga siku ya Ijumaa, mwezi wa Juni 1952, makasha kumi na manne, na vigae vitatu tu vilikuwa vimevunjika. Fundi Fikirini alivikagua mwenyewe pale stesheni, akapanda navyo lori hadi Mwika, makasha yametandikiwa majani makavu ya mgomba. Vilikuwa vya rangi ya waridi. Memsabu Pelham alikuwa amevichagua kwenye kitabu cha picha kilichomjia kwa posta, akavipigia alama ya penseli, na alama hiyo ilingojewa miezi saba.

Nyumba ya akina Pelham ilikuwa ya mawe, katikati ya shamba lao la kahawa, chini kidogo ya vihamba, mashamba ya migomba ya wenyeji. Chumba cha kuogea cha zamani kilikuwa na beseni la bati na kidirisha cha kuchungulia. Memsabu alitaka dirisha kubwa linalotazama mlima, kioo cha urefu wa mtu, na bafu la chuma jeupe lenye miguu minne ya simba. Tena alitaka maji yenye nguvu. Maji ya tangi la zamani yalidondoka polepole, na jambo hilo, alisema, lilimhuzunisha.

Ili memsabu asihuzunike, Bwana Pelham alikwenda bomani akarudi na karatasi yenye mhuri. Karatasi ilisema kwamba maji ya mfongo, mfereji wa ukoo wa marehemu Basili, ni ya shamba la Pelham. Mfongo ule ulichimbwa na babu wa babu yake Basili. Ulishuka kutoka msituni, ukakata ubavu wa korongo, ukamwagilia vihamba kumi na tisa kwa zamu, kila nyumba na siku yake na saa zake. Karatasi haikumtaja babu yeyote. Fikirini alitumwa kwenye banio, pale mfongo unapochukua maji mtoni, akalaza bomba, kisha akauziba mdomo wa mfongo kwa saruji. Alikuwa mtu wa mjini Moshi, fundi mtoto wa fundi, na yeye aliona mtaro tu. Aliisawazisha saruji yake kwa pimamaji, ingawa hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Wa kwanza kuona ukavu alikuwa Kornelia, mjane wa Basili. Zamu yake ilikuwa Jumatano, tangu jua kuchomoza hadi adhuhuri. Jumatano ya kwanza ya Agosti alisimama na jembe kwenye mdomo wa shamba lake akingoja maji yaingie kwenye ulezi. Yalikuja majani mawili makavu na chura. Ulezi ulikuwa umefika magotini. Ulikuwa wa kupikia mbege, pombe ya kumuaga Basili, aliyefariki mwaka uliopita na ambaye alikuwa bado hajamwagiwa hata tone. Padri alikwisha kumwombea, ni kweli, lakini ukoo nao ulikuwa na neno lake, na neno hilo lilihitaji ulezi. Kornelia alianza kushuka korongoni na debe, mara nane kwa siku, akalowesha kipande kisichozidi kitanda.

Bafu la memsabu lilimeza madebe kumi na manane.

Lilijazwa mara ya kwanza Jumatano iliyofuata, saa moja asubuhi. Memsabu alipoingia na taulo begani alimkuta Basili ameketi ndani ya maji, amevaa koti alilozikwa nalo, jembe limelala juu ya magoti. Memsabu alifunga mlango, akamwita Fikirini, akamwarifu kwamba mna mzee ndani ya bafu na kwamba anachafua.

Fikirini aliingia, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeziba?"

"Ndiye mimi."

"Umeziba vizuri. Nimejaribu kubandua, nimeshindwa."

Fikirini alishukuru. Hakujua la kufanya na mikono yake, akafuta tope kwenye kigae kimoja. Basili alikuwa mkuu wa mfongo kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye ndiye aliyepuliza pembe siku za kuzibua, na yeye ndiye aliyewatoza mbege wezi wa maji, mtungi kwa kila zamu iliyoibwa. Alilitazama bafu kama alivyozoea kuutazama mfereji, kutoka maji yanakoingilia hadi yanakotokea.

"Maji haya yakitoka hapa yanakwenda wapi?"

"Kwenye mawaridi ya memsabu."

"Mawaridi yana zamu siku gani?"

"Kila siku, mzee."

Basili alihesabu kwa vidole siku za juma. Ilipotimu adhuhuri alisimama, akachomoa kizibo, akahakikisha maji yanashuka bila kukwama, akatoka dirishani na jembe lake. Aliacha tope hadi kwenye kioo.

Alirudi Jumatano iliyofuata, na iliyofuata tena. Memsabu alikuwa mtu wa utaratibu, akabadili mpango wa chumba. Fikirini aliambiwa apigilie kulabu ya kutundikia koti la mzee, ajenge kirafu cha jembe, na achimbe kijishimo cha tope karibu na mlango. Pazia jeupe liliondolewa, likaletwa la kahawia lisiloonyesha uchafu. Kuoga kwa Jumatano kulihamishiwa alasiri. Bwana Pelham aliisoma tena karatasi yake, akaona haisemi lolote juu ya marehemu, akairudisha kwenye droo.

Hapa ndipo mtu anapotamani kutukana. Wangesema hawajui, tungewaelewa. Asiyejua ni asiyejua. Lakini walimwona. Walimwona kila juma, mwenye maji mwenyewe, kaja na jembe lake kutoka kaburini kuomba maji yake, nao wakampa kulabu ya koti.

Kilichobaki katika mapambo kilikuwa ni kijani. Memsabu aliona kwamba waridi peke yake linachosha macho, akamtuma Fikirini atafute mmea wenye majani marefu ya kung'aa, auweke kwenye chungu pembeni mwa bafu. Fikirini alipanda vihambani, akaona ua zuri la kijani mpakani mwa kihamba kimoja, akang'oa mashina matatu. Kihamba kilikuwa cha Kornelia, na mmea ulikuwa isale.

Mtoto wa Mwika hahitaji kuelezwa, lakini Fikirini hakuwa mtoto wa Mwika. Isale ni mpaka, na isale ni msamaha. Aliyekukosea akikujia na jani lile mkononi amekwisha kukiri, na wewe hukatai. Wapo waliouliwa ndugu zao wakaletewa isale, wakalia, wakalipokea.

Kornelia aliona mashimo matatu mpakani asubuhi ya Jumatano. Alifuata udongo uliodondoka njiani hadi kwenye nyumba ya mawe, akapitia jikoni na jembe lake begani, akasukuma mlango wa chumba cha kuogea. Fikirini alikuwa amepiga magoti akijaza nafasi za vigae vya mwisho. Basili alikuwa mahali pake.

"Mama Primus," alisema Basili. "Ulezi?"

"Umeanza kujikunja, Baba Primus. Nawe uko hapa unaoga."

"Siogi. Nangoja zamu."

Hapo memsabu aliingia na mkasi kupunguza majani ya mmea wake mpya. Alimwona Kornelia na jembe, akadhani ndiye mwenye kuuza maua. Alikata jani moja refu, akamnyooshea, akitabasamu.

"Hii mzuri sana. Wewe lete ingine."

Kornelia aliutazama mkono ule. Kisha akafanya jambo ambalo mama yake hakulifanya, wala bibi yake. Aliliweka jembe chini, akapeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Sipokei. Ameng'oa kwangu. Ananiomba msamaha kwa jani alilonichukulia mwenyewe, na wala hajui kwamba anaomba!"

Memsabu hakuelewa, akaendelea kunyoosha mkono. Jani lilining'inia pale hewani, halina wa kulipokea. Na Basili, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuvunja kanuni hata moja, hakuweza kulitazama likidhalilika. Alitoa mkono uliolowa, akalipokea.

"Nimepokea," alisema. "Yamekwisha."

"Hayajaisha! Mwambie kwanza afungue maji!"

"Isale halina masharti, Mama Primus. Unajua."

"Najua. Najua kuliko wewe. Unasamehe kwa urahisi kwa sababu umekaa ndani ya maji. Ulezi unaokauka ni wangu. Debe liko kichwani kwangu!"

Basili alitazama maji, na jani mkononi, hadi adhuhuri.

Fikirini aliyasikia yote. Alasiri ile alichukua nyundo na patasi, akapanda hadi kwenye banio, akaipiga ile saruji mpaka viganja vikachubuka. Alikuwa ameichanganya mwenyewe, kwa mchanga uliooshwa mara mbili, kama baba yake alivyomfundisha. Haikutoa hata ufa. Alirudi Moshi kesho yake na hakupenda tena kusifiwa kazi.

Ulezi ulikufa Septemba. Mbege haikupikwa, Basili hakuagwa, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda, akaendelea kuja. Kornelia naye huja. Zamu ni zamu. Kila Jumatano jua likichomoza hupitia jikoni na jembe lake, akakaa kwenye ukingo wa bafu, kampa mumewe mgongo, hasemi naye neno, hadi adhuhuri. Hakuna anayemfukuza. Memsabu alipigilisha kulabu ya pili kando ya ile ya kwanza, akanunua taulo jingine la rangi ya waridi, akalitundika kwa ajili yake. Kornelia hajaligusa.

Mwezi wa Desemba walikuja wageni kutoka Arusha kukitazama chumba. Ilikuwa Jumatano. Waliwaamkia mzee na mkewe kwa adabu, wakafungua bomba waone nguvu ya maji, wakavisifu sana vigae.