Mkwe Nyuma ya Mabanzi

Rodrick wa Kawetele alikuwa fundi wa kununa. Hapigi, halewi, hatukani, ananuna. Tangu siku Atupele mkewe alipomwazima jirani baiskeli bila kumuuliza, mwanamume hakufungua kinywa tena ndani ya nyumba yake. Chakula anakula, shati lililopigwa pasi anavaa, ila neno hatoi. Akitoka nje, loo! Huyo anacheka na wachuma chai, anawatania wauza parachichi, mpaka wanawake wanamwambia Atupele, "Mwenzetu una bahati, mumeo mcheshi." Atupele anaitikia, "Namshukuru Mungu," huku moyo unamuuma.

Ndiyo maana kanisani lilipotangazwa darasa la uponyaji wa familia, Atupele alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Rodrick naye akaja, kwa sababu mchungaji alimshika mkono mbele za watu, na mbele za watu Rodrick hakatai kitu.

Mwalimu wa darasa alikuwa Sista Belinda, muuguzi wa hospitali ya Makandana, Mhaya aliyehamishiwa Tukuyu si zamani. Mwanamke yule, niacheni nimsifu! Anatoka zamu, macho yamemvimba kwa usingizi, anapanda bodaboda kwenye matope mpaka Kawetele na chupa yake ya chai, aje awaulize watu wazima mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza. Wala hahubiri. Anawagawa watu vikundi vidogo, viti vinazungushwa, anasoma mistari michache, anauliza swali moja, kisha anakaa kimya asikilize. Wahubiri wangapi tunaowajua wanaoweza hilo la mwisho?

Sasa, Jumamosi moja, Tulia, binti yao wa darasa la pili, akamwaga maziwa. Atupele akamkemea, kama mama yeyote. Mtoto akafunga mdomo. Mchana hakusema, jioni hakusema, Jumapili asubuhi akaamshwa akamtazama mama yake kwa jicho lile lile la baba yake, akapita. Atupele alikaa chini jikoni akalia. Mume mnunaji alishamzoea, lakini mtoto? Alimwona tayari Tulia akiwa mke wa mtu, ananuna kwenye nyumba ya watu, na wajukuu wanajifunza kwake. Akafuta machozi, akasema leo darasani atasema, liwalo na liwe.

Alipofika na Rodrick, akaketi bila kujua kuwa Sista Belinda ameleta mwanafunzi mpya. Alikuwa mzee Ambindwile, baba yake Rodrick, ambaye Belinda alimshawishi siku za kliniki ya presha. Kwa furaha ya kuona familia nzima imetimia, Sista akapiga makofi. "Kikundi cha kwanza! Mzee Ambindwile, Rodrick, Atupele. Kaeni hapa, mtazamane."

Yalaa! Atupele alijifunika kitenge kichwani, akaruka benchi, akatoka mbio mvuani. Mzee naye alikuwa ameshageuza uso ukutani, kama mtu aliyepigwa na jua machoni.

"Jamani, nimewakosea nini?" Belinda akauliza.

Bi Bupe, mama mmoja wa kwaya, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Sista, kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, wala hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, yeye anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Vijana wa mjini wameacha, lakini kwa mzee huyu hiyo bado ni heshima kubwa."

Belinda akamwomba mzee radhi, akasema basi, Atupele atahamia kikundi cha kina mama.

Atupele alikuwa amesimama nyuma ya jengo, chini ya ukingo wa bati, na yote aliyasikia, maana ukuta ule ulikuwa wa mabanzi ya mbao na upepo ulipita utakavyo. Akawaza. Akienda kwa kina mama, atawalilia, watamhurumia, na Rodrick huku atachekesha wanaume. Kisha wataongozana nyumbani bila neno. Hapana. Akasogeza mdomo kwenye upenyo.

"Sista, mimi nabaki kikundi hicho hicho. Nitakaa huku nje. Mzee simwoni, naye hanioni. Uliza swali lako."

Darasa zima likageuka. Belinda akamtazama mzee. Mzee, uso ukutani, akatikisa kichwa kukubali. Sijui kama kuna kitabu cha mafunzo popote kilichowahi kufikiria kikao cha namna hiyo, lakini Sista Belinda hakubishana na kitu kinachofaa. Alivuta kiti, akauliza:

"Nyumbani mlikokulia, mtu akikasirika, alifanya nini?"

"Ah, kwetu hakuna neno, Sista," Rodrick akasema kwa sauti yake ya mbele za watu. "Tumekua kwa amani."

"Amani kabisa," akaitikia mzee.

Damu ikamchemka Atupele. "Sista, muulize mume wangu, amani gani hiyo? Kwangu iliingia siku ya baiskeli mpaka leo haijatoka! Na sasa imemwingia Tulia. Tangu jana mtoto hasemi na mimi. Muulize, mwanangu kajifunza kwa nani?"

Alipomaliza ndipo alipoogopa. Kumwaibisha mume mbele ya baba yake! Kwa hilo tu anaweza kurudishwa kwao Mpuguso kabla ya jioni, na Tulia akabaki kulelewa na kimya kile kile. Akashika banzi kwa mikono miwili.

"Sista." Ilikuwa sauti ya mzee, na ilikuwa karibu sana, kwa kuwa alikuwa anaongea na ukuta. "Mwambie binti yangu, mtoto kajifunza kwangu."

"Baba yangu alimnunia mama kwa ajili ya mbegu za maharage. Mama akaugua akiwa amenuniwa. Akafa. Baba akamzika, hajamwambia neno. Nikasema, mimi sitakuwa hivyo. Nikaoa, nikawa hivyo hivyo. Huyu Rodrick alipokuwa mdogo, nilimnunia mpaka akawa ananiletea maji ya kunawa huku analia. Nilimwona analia." Mzee akatazama viganja vyake. "Nikanawa."

Mzee yule hakuwahi kumwomba mtu radhi maishani mwake, na sidhani kama angeweza akimtazama mtu usoni. Ila ukuta haukumtazama. Akaweka kiganja kwenye banzi.

"Rodrick, mwanangu. Nisamehe."

Atupele alisikia kiti kikisukumwa, mlango ukafunguliwa. Ameondoka! Akafumba macho. Kisha akasikia viatu vinakokota matope, vinazunguka kona, na Rodrick akasimama mbele yake, amelowa.

"Atupele," akasema. Alikuwa hajaliita jina hilo tangu siku ya baiskeli. "Nikishanuna, sijui nirudi vipi."

"Si ndiyo umerudi? Endelea basi."

Akacheka huku analia, mwanamume mzima. Akainama kwenye upenyo. "Tata, baba yangu, nimekusamehe."

"Ndaga fijo," mzee akashukuru kwa lugha yao, na humo ndani Bi Bupe akaanzisha wimbo, maana wanakwaya hawajui kungoja.

Walirudi nyumbani wakiongea. Si makubwa, baiskeli, mvua, bei ya chai. Tulia alikuwa kibarazani anamenya ndizi. Rodrick akachuchumaa mbele yake.

"Umeshindaje, mwanangu?"

Mtoto akaacha kisu. Akamtazama mama yake, akamtazama tena baba yake.

"Baba, umemaliza?"

"Nimemaliza."

Tulia akalikunja ganda la ndizi mkononi.

"Na mimi nimalize?"

"Maliza, mama," Rodrick akasema, akamkumbatia na maganda yake yote ya ndizi mapajani. "Maliza."