Anwani ya Saba

Tangu asubuhi mkwe mpya alikuwa ameiinamia laptopu yake ya Linux. Ilishika Wi-Fi ya ukweni vizuri, kisha ikakaa kungoja anwani ya mtandao, isiipate. Alizima, akawasha, akaandika amri hizi na zile. Wapi!

"Kosa ni lako," alifoka baba mkwe, fundi simu mstaafu. "Mtambo wangu hauna kasoro."

Mtambo wenyewe ulikuwa kompyuta kuukuu iliyogawia kila kifaa humo nyumbani anwani yake; bila anwani, hakuna intaneti.

"Samahani, baba, naomba tuufungue tuone."

Kwenye mipangilio yake, mzee alikuwa ameweka anwani sita tu: za wazazi wawili na watoto wanne.

"Mgeni huja kuzungumza, si kuchezea simu!" mzee akajitetea.

"Baba watoto," mkewe akaita kutoka jikoni, "mume wa binti yako naye ni mgeni?"

Mzee akanywea. Akavuta kibodi, akaigonga kama anayeua mbu. "Haya, ya saba hiyo. Karibu nyumbani, mwanangu."

"Weka na ya nane, baba," binti yake akasema taratibu, mkono tumboni.

Mzee akaanza kuitafuta miwani yake, na ilikuwa usoni.