Vidirisha vya Pasaka

Ozella Battle alipojitosa uvunguni mwa nyumba yake, Jumamosi moja ya Agosti, alikuwa anatafuta maji yaliyopenya kutoka kwenye mtaro wa halmashauri. Alijua yapo. Alikuwa ameyasema kanisani, ameyasema barazani kwa watu, ameyasema mbele ya Bwana Whitford wa halmashauri mpaka yule mzee wa Kizungu mwenye uso mwekundu akafunga faili lake. Kilichobaki ni kuyapiga picha.

Hasira yake ilikuwa na mizizi. Mtaa wa Bondeni ulikuwa wa watu weusi; babu zao waliuziwa kwa sababu hakuna mzungu wa mji ule aliyetaka kulala na vyura. Watu wa mlimani wakatandikiwa mabomba ya kupitisha maji ya mvua, wa Bondeni wakaachiwa mtaro uliojaa magugu na matairi. Ozella ndiye aliyewatoa watu majumbani, wakaandamana, mtaro ukachimbwa. Ukaishia nusu. Nyumba za mwisho mtaani ndizo zilizoachwa, ya Ozella ikiwa mojawapo. Alipokwenda kudai kipande kilichobaki, Bwana Whitford alimjibu kwa sauti ya upole, ile ya kumwambia mtoto kamasi zimemtoka, kwamba unyevu wa majumbani mwao wanautengeneza wenyewe kwa namna wanavyoishi.

Neno hilo lilimlaza macho. Kwa maana sakafu ya Ozella ilikuwa inabonyea. Karibu na jiko, ukikanyaga, ubao ulizama kama mkate uliolowa. Alitandika zulia, juu ya zulia akaweka kiti ambacho hakikaliwi. Kiyoyozi kilinguruma kutwa na nyumba haipoi. Harufu ya kuvu ilipopanda, alikaanga vitunguu na kuwasha mshumaa wa mdalasini, na kina mama wa kanisa wakija kwa mkutano wao, aliwapokea barazani huku anasifu upepo ambao haukuwepo.

Sasa alitambaa kwa viwiko, tochi mdomoni, kuelekea upande wa mtaro. Udongo wa upande ule ulikuwa mkavu. Aliushika, ukapukutika kiganjani. Akadhani amepotea njia, akageuza tochi, akaona nguzo ile ile ya matofali yenye alama ya baba yake. Hakuwa amepotea.

Tone likamwangukia shingoni.

Akamulika juu. Mabomba ya kiyoyozi yaliyopita chini ya sakafu yalikuwa yanatoka jasho toka mwanzo mpaka mwisho. Sufi ya kukinga joto, iliyopaswa kubana kwenye mbao, ilikuwa imelowa na kuning'inia kama chuchu za mbuzi. Boriti zilikuwa na weupe wa kuvu. Na palipozidi kuoza ni mbele ya vidirisha vya hewa, vile vya chuma vilivyo kwenye ukuta wa msingi, ambako hewa ya Agosti, nzito kama mvuke wa sufuria, ilikuwa inaingia taratibu na kumpapasa uso.

Alilala pale kwa tumbo, asiitafute tena kamera. Hakuhitaji kufundishwa na mtu. Nani katika Bondeni hajawahi kuweka glasi ya chai ya barafu barazani, akaikuta imesimama kwenye dimbwi lake yenyewe? Glasi haivuji. Ni hewa ya joto inayoililia ikigusa ubaridi wake. Na hewa hiyo aliiingiza yeye, kwa mkono wake, kila mwaka.

Ilikuwa mila ya baba yake, Lonnie Battle. Jumatatu ya Pasaka unazunguka nyumba na nyundo, unafungua vidirisha vyote ili nyumba ipumue. Baridi ikianza unavifunga. Wakati wa Lonnie hapakuwa na kiyoyozi, nyumba na hewa vilikuwa na joto moja, na mila haikudhuru mtu. Kiyoyozi kilikuja, mila ikabaki. Ozella hakuishia kuitunza kwake. Alizunguka mtaa mzima na nyundo ya baba, akiwasuta waliosahau. Nyumba yako umeiziba pua kama maiti, aliwaambia, na watu walicheka na kufungua.

Na Mama Hattie Spruill, jirani wa mlango wa pili, ambaye magoti hayakumruhusu kuinama, alifunguliwa na Ozella mwenyewe. Mama Hattie ndiye aliyekuwa anakohoa tangu majira ya joto yaliyopita. Ozella alikuwa amekitaja kikohozi hicho kwenye kipaza sauti cha halmashauri. Mtazameni huyu bibi, alisema, mtaro wenu unamuua.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, pale gizani, ambapo hakuna aliyemwona. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa jema: angefunga vidirisha vyake kimya kimya, atandaze nailoni juu ya udongo, akaushe kwake, asiseme. Whitford asingepata la kucheka. Kikohozi kingebaki kikohozi cha mtaro.

Alitoka uvunguni, akavuka ua na tope lake la magoti. Mama Hattie alikuwa barazani, kitambaa mdomoni.

"Binti yangu, umepigana na nguruwe?"

Ozella hakukaa. Alimweleza, maneno yakitoka vipande vipande: jasho la mabomba, hewa, vidirisha, nyundo. Alipofika kwenye nyundo alitazama mbao za baraza.

Mama Hattie alikohoa kwanza, akamaliza. "Njoo nikuonyeshe." Akampeleka sebuleni, akasogeza kapu la nyuzi za kufumia kwa fimbo yake. Chini yake palikuwa na shimo, limefunikwa kwa sinia la kuokea.

"Lina muda gani, Mama Hattie?"

"Tangu kabla hamjaandamana. Mtaro ulipochimbwa nikangoja sakafu ikauke, haikukauka. Na wewe ulikuwa umesimama mbele ya wale wazungu, unasema kwa ajili yetu. Ningekuvua nguo mbele yao?"

Ozella alitafuta pa kuweka uso wake, hapakuwepo. Angetukanwa angejibu. Kutukanwa alikuzoea. Lakini bibi huyu alikuwa amekohoa mwaka mzima ili kumtunzia heshima.

"Mtaro bado tunawadai waumalizie," Mama Hattie alisema. "Haki ni haki hata kama haitukaushi. Ila hivi vidirisha, vifunge. Na usinifungie mimi tu."

Akavifunga, kimoja kimoja, kwa nyundo ile ile ya Lonnie, mchana kweupe, na barazani kote watu wakamtazama, maana haikuwa msimu wa kufunga. Gari la Bwana Whitford lingeweza kupita muda wowote. Alitamani lisipite, akaendelea kugonga.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Lavinia Speight. Pasaka iliyopita Ozella alimsuta mbele ya wajukuu zake, naye Lavinia alifungua vidirisha vyote huku anaomba radhi. Ozella alisimama mlangoni, tope limemkauka magotini, nyundo mkononi, bila kujua ataanzia wapi. Akabisha.

Lavinia aliufungua mlango upana wa bega tu, akajaza mwanya kwa mwili wake. "Dada Ozella, tukae nje tu, ndani nimepika, kuna joto."

Nyuma yake, harufu ya vitunguu vya kukaanga ilitangulia kutoka, na baada yake, ya mshumaa wa mdalasini.